Kiakisi kipi kinafaa mashua ndogo ya tanga? Ulinganisho wa njia za kuonekana kwenye rada

Mashua ya tanga yenye urefu wa mita sita hadi nane, iwe ya mbao au ya faiba, haiachi alama ya kuaminika kwenye kioo cha rada ya meli. Mbao, faiba na kitambaa cha tanga hupitisha sehemu kubwa ya mawimbi ya rada badala ya kuyarudisha. Injini, ambayo ni chuma, imelala chini ya usawa wa maji au karibu nao. Mlingoti wa alumini, ambao wengi huutegemea, ni wa mviringo na hurudisha mwangwi wa maana pale tu unaposimama wima sawasawa mbele ya rada, jambo ambalo mashua inayolala upande kwa nguvu ya upepo haiwezi kulidumisha. Katika Mkondo wa Zanzibar, ambako majahazi, mashua na ngalawa hutumia maji yale yale na meli za mizigo zinazoelekea bandari ya Dar es Salaam na boti za abiria zinazovuka kwenda Unguja, suala hili si la wenye starehe peke yao. Meli inayokwenda noti 15, yaani maili 15 za baharini kwa saa, humaliza maili moja ya baharini kwa dakika nne. Mwangwi unaoonekana kwenye maili tatu humpa afisa wa zamu dakika 12 za kuutambua, kuufuatilia na kubadili njia, ilhali unaoonekana kwenye maili moja humpa nne tu.

Kanuni za kimataifa zinalijua tatizo hili. Kanuni ya 6 ya Kanuni za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972 inamtaka nahodha anayetumia rada akumbuke kwamba vyombo vidogo huenda visionekane kwa umbali wa kutosha. Sura ya Tano ya SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, inavitaka vyombo vya chini ya tani 150 viwe na kiakisi cha rada, yaani kifaa kinachoyarudisha mawimbi ya rada kulikotoka, pale inapowezekana. Aidha, ipo hoja ambayo wenye matanga husahau: ile haki ya chombo cha tanga kupishwa na chombo cha injini inahusu vyombo vinavyoonana kwa macho. Katika ukungu au mvua nzito inayoziba upeo, Kanuni ya 19 ndiyo inayotawala, na humo tanga halina upendeleo wowote.

Kwamba kiakisi chochote si sawa na kingine lilidhihirika baada ya msiba. Usiku wa kuamkia tarehe 21 Agosti 2006, mashua ya tanga iitwayo Ouzo, yenye urefu usiofika mita nane, ilipotea kusini mwa kisiwa cha Isle of Wight nchini Uingereza, na mabaharia wake wote watatu wakafa. MAIB, taasisi inayochunguza ajali za baharini nchini humo, ilihitimisha kwamba mashua hiyo ama iligongwa na feri Pride of Bilbao ama ilizamishwa na mawimbi ya feri hiyo ilipopita karibu mno. Uchunguzi haukuishia kwenye chumba cha usukani cha feri. MAIB iliiagiza kampuni ya QinetiQ ipime viakisi vilivyokuwa vikiuzwa kwa wenye mashua, vikiwa wima na vikiwa vimeinamishwa, na ripoti ya mwaka 2007 ikaonyesha kwamba baadhi yake vilikuwa mapambo tu juu ya mlingoti. Ulinganisho ufuatao unategemea sana somo lile, pamoja na hali ya vyombo na bahari ya pwani yetu.

Ukubwa na mkao kabla ya bei

Nguvu ya mwangwi hupimwa kwa mita za mraba, na namba hiyo ndiyo ya kuulizia dukani kabla ya kuuliza bei. Kiwango cha kimataifa cha ISO 8729-1 cha mwaka 2010 kinataka kiakisi kisichotumia umeme kifikie walau mita za mraba 7.5 kwa rada za bendi X, na 0.5 kwa rada za bendi S. Bendi X, yenye mawimbi ya urefu wa sentimita tatu hivi, ndiyo inayobebwa na karibu kila chombo chenye rada. Bendi S, yenye mawimbi ya sentimita kumi hivi, iko kwenye meli kubwa, na afisa huigeukia mvua inaponyesha sana au bahari inapochafuka, kwa sababu matone ya mvua huisumbua kidogo kuliko bendi X. Kwa hiyo katika usiku wa masika, wakati ambao nahodha wa mashua angependa sana kuonekana, huenda rada inayomtafuta ni ile inayomwona kwa shida zaidi.

Hesabu mbili zinatosha kumwongoza mnunuzi. Ya kwanza ni kwamba mwangwi wa kiakisi cha pembe, yaani kile cha mabamba ya chuma yanayokutana kwa digrii 90, hukua kwa kipeo cha nne cha urefu wa ukingo wake: ukingo ukiongezwa mara mbili, mwangwi huongezeka mara 16. Ya pili ni kwamba nguvu inayorudi kwenye rada hupungua kwa kipeo cha nne cha umbali, hivyo ili uonekane kwa umbali mara mbili unahitaji mwangwi mara 16. Zikiwekwa pamoja, maana yake, pasipo usumbufu wa mawimbi ya bahari, ni kwamba kiakisi kikubwa mara mbili huonekana kwa umbali mara mbili. Hakuna rangi, umbo la kisasa wala jina la kampuni linaloweza kuikwepa hesabu hiyo.

Hapo pia ndipo inapoanguka desturi ya kutundika sufuria, debe au kitu chochote cha chuma kinachong'aa. Tufe la chuma lenye kipenyo cha sentimita 40 hurudisha mwangwi wa takribani mita ya mraba 0.13, kwa sababu uso wa mviringo hutawanya mawimbi kila upande. Kiakisi cha pembe chenye upana huo huo, kikielekezwa vizuri, hurudisha kama mita za mraba 6.5 kwa bendi X, yaani mara hamsini. Ni chuma kile kile. Kilichobadilika ni umbo.

Mabamba matatu yanayopishana

Kiakisi cha kale na cha bei nafuu kuliko vyote ni mabamba matatu ya alumini yanayopishana kwa pembe za digrii 90 na kufanya mifuko minane. Wimbi linaloingia kwenye mfuko hugonga bamba la kwanza, la pili na la tatu, kisha hurudi kulekule lilikotoka. Faida yake ya kwanza ni kwamba hakihitaji betri, na ya pili ni kwamba hufanya kazi kwa bendi zote mbili, ingawa kwa bendi S mwangwi hushuka mara kumi hivi. Faida ya tatu, ambayo kwangu ndiyo kubwa kwa pwani ya Afrika Mashariki, ni kwamba fundi bati anaweza kukitengeneza.

Vipimo vyake ni rahisi. Miraba mitatu yenye upande wa sentimita 28 hutoa kiakisi cha sentimita 40 kutoka ncha hadi ncha, ambacho ndicho chenye zile mita za mraba 6.5. Miraba yenye upande wa sentimita 42 hutoa kiakisi cha sentimita 60, na hesabu inakipa takribani mita za mraba 33 kwa bendi X na zaidi ya tatu kwa bendi S. Kwa bamba la milimita moja na nusu, hicho kikubwa kina uzito wa kilo mbili na kidogo. Namba hizi ni za upande ambao mfuko unatazama moja kwa moja. Pande za katikati ya mifuko hupata pungufu, na hakuna kiakisi cha aina hii kisicho na mianya. Hata hivyo, ongezeko kutoka sentimita 40 hadi 60 ni kubwa kiasi kwamba ningemshauri kila mwenye nafasi ya kukifunga asitazame kidogo kabisa.

Masharti mawili hayana msamaha. La kwanza ni pembe. Mabamba yakikosea digrii chache tu kutoka 90, mwangwi huporomoka, na kiakisi kikiwa kikubwa ndivyo kosa linavyogharimu zaidi. Fundi apime kila kona, aikaze kwa vipande vya alumini vya kona na ribiti za alumini, wala asitumie ribiti za chuma, ambazo kwenye chumvi huila alumini iliyo pembeni yake. Viakisi vya kukunjwa vinavyouzwa madukani viangaliwe kwa jicho hilohilo, kwa kuwa vishikizo vyake vya plastiki hulegea na mabamba huanza kucheza.

Sharti la pili ni mkao. Kiakisi lazima kifungwe kikikinga mvua, yaani mfuko mmoja uelekee juu kabisa kama bakuli na ule wa kinyume chake uelekee chini, ili mifuko sita iliyobaki izunguke upeo wa macho, mitatu ikitazama juu kidogo na mitatu chini kidogo. Kikitundikwa kwa ncha moja, jinsi wengi wanavyofanya kwa sababu ndivyo kinavyoning'inia chenyewe, mifuko yote hutazama juu au chini ya upeo, na rada ya meli hukutana na ukingo wa bamba. Namna nzuri ni kufunga kamba tatu kwenye ncha tatu za mfuko mmoja, kuziunganisha juu, na kuweka kamba nyingine tatu chini ili kisizunguke. Kazi hiyo ni ya nusu saa, lakini huamua kama mashua itaonekana au la.

Kimo chake kisipungue mita nne juu ya maji. Sababu si upeo wa macho peke yake, kwa kuwa antena ya meli iliyo mita 25 juu huweza kukiona kitu cha mita nne hata kwenye maili 15. Sababu kubwa ni kwamba kilicho karibu na maji hufichwa na mawimbi na hupotea katikati ya mwangwi wa bahari yenyewe, hasa kusi kinapovuma. Kwa mashua ya kisasa, mahali pake ni mbele ya mlingoti. Kwa jahazi au dau mambo ni tofauti: foromali na tanga hubadilishwa upande, na kitu chochote kilichofungwa juu ya mlingoti huparamiwa au hunasa henza. Huko ni afadhali kusimamisha mti imara tezini, wa mkoko au bomba, na kukifunga juu yake. Tanga kavu haliyazuii sana mawimbi ya rada, hivyo kuwa nyuma ya tanga si hasara ya kutisha.

Mirija, lenzi na makasha

Mrija mwembamba wa plastiki wenye vipande vya chuma ndani ndio unaovutia zaidi kwa macho, kwa kuwa ni mwepesi, haunasi kamba na unafungwa kwenye waya wa mlingoti kwa dakika chache. Siupendekezi kwa yeyote. Mrija wa kipenyo cha sentimita tano au kumi una pembe ndogo sana ndani yake, na kipeo cha nne hakina huruma na udogo. Isitoshe, mwangwi wake hutoka katika ukanda mwembamba pale mrija unaposimama wima. Mashua ikilala digrii chache, ukanda huo huangukia majini upande mmoja na kupaa angani upande wa pili. Ripoti ya QinetiQ iliutaja waziwazi mrija wa sentimita kumi kuwa haufai. Madhara yake yanazidi bei yake, kwa maana mwenye mrija huvuka njia ya meli akiamini anaonekana.

Lenzi ni kinyume chake. Kifaa hiki ni tufe lenye matabaka yanayokusanya mawimbi hadi kwenye uso wa chuma ulio nyuma yake, na tufe tatu zikipangwa pamoja huzunguka upeo wote. Mwangwi wake si mkubwa sana, lakini ni wa namna moja karibu kila upande, na haupungui sana chombo kinapolala. Katika vipimo vya QinetiQ, lenzi ya aina hii iitwayo Tri-Lens, ile kubwa, ilishika nafasi nzuri kati ya viakisi visivyo na umeme kwa sababu hiyo. Kasoro zake ni bei na uzito, na uzito juu ya mlingoti wa mashua ndogo huongeza ulalaji uleule tunaoukimbia. Kwa mashua ya mita tisa au kumi inayosafiri mbali, ningeifikiria; kwa ngalawa, hapana.

Katikati yake kuna makasha ya plastiki yenye safu za pembe za chuma zilizopangwa juu kwa juu ndani yake. Kimsingi ni yale mabamba matatu yaliyopangwa upya na kufunikwa yasipigwe na chumvi wala kunasa kamba. Lililo kubwa na lenye cheti cha ISO 8729 ni chaguo la heshima kwa mwenye mlingoti wa kudumu. Mnunuzi aombe kuona mwangwi wake ukiwa umelala digrii 10 na 20, kwa sababu kasha nyingi zina kilele kizuri zikiwa wima na hushuka haraka zinapoinama.

Vifaa vinavyotumia umeme

Kiakisi cha umeme husikia mpigo wa rada, huukuza na kuurudisha papo hapo, hivyo mashua ya mita saba huweza kuonekana kwenye kioo kama chombo kikubwa zaidi. Katika vipimo vya 2007, kifaa kiitwacho Sea-Me, cha bendi X, kilivishinda vyote, na pendekezo la ripoti lilikuwa kwamba mwenye umeme achukue kifaa cha aina hiyo. Hutumia chini ya nusu ampea kwa volti 12, hivyo usiku wa saa 12 hauzidi ampea-saa sita, kiasi ambacho paneli ndogo ya sola hukirudisha kwa siku moja ya jua letu. Vilevile humtahadharisha baharia kwamba kuna rada inayompitia, ingawa hakimwambii iko upande gani wala umbali gani.

Mapungufu yake yajulikane kabla ya kulipa. Kifaa cha bendi X peke yake hakimjibu afisa aliyehamia bendi S kwa ajili ya mvua. Vipo vya bendi zote mbili, kwa bei ya juu zaidi. Nguvu yake hupungua mashua inapolala sana. Betri ikifa, kimekufa nacho, na plagi za umeme kwenye chombo wazi hula chumvi upesi.

AIS si rada, lakini hushindania fedha ileile. Ni redio ya VHF inayotangaza jina, mahali, mwelekeo na kasi ya chombo. Kifaa cha daraja B, la vyombo vidogo, cha kawaida hutuma kwa wati mbili kila sekunde 30 chombo kinapozidi noti mbili, na meli zote za tani 300 na zaidi zilizo katika safari za kimataifa, pamoja na meli za abiria zinazohusika na SOLAS, zinabeba AIS ya daraja A. Mvua haiizimi, kulala kwa mashua kunaiathiri kidogo, na ujumbe wake hupita hata pale kisiwa kidogo kinapoziba rada. Lililo bora kuliko yote ni kwamba huona pia: baharia huiona meli, njia yake, na umbali watakaopishana. Nikilazimika kuchagua kifaa kimoja cha umeme kwa mashua inayovuka njia za meli mara kwa mara, nachukua AIS kabla ya kiakisi cha umeme kwa sababu hiyo, maana mashua ndogo inayoijua meli mapema inaweza kukwepa yenyewe bila kusubiri kuonwa.

Wanaopinga wana hoja. AIS hutegemea afisa aitazame na asiwe amezima alama za daraja B pale bandari inapojaa. Inahitaji pia leseni ya redio na namba ya MMSI, ya kukitambulisha chombo kwenye redio, yenye tarakimu tisa, inayoanza na 674 au 677 kwa Tanzania na 634 kwa Kenya, na vyombo vingi vya wavuvi havina hata redio. Ndiyo maana sikubali kabisa wazo la kuvua kiakisi cha mabamba baada ya kununua AIS.

Kwa chombo gani, kipi

Ngalawa, dau na mashua ya mbao isiyo na umeme: kiakisi cha mabamba cha sentimita 60 juu ya mti wa tezini, kikikinga mvua, pamoja na kurunzi yenye nguvu iliyo tayari mkononi. Ngalawa ina faida hapa, kwa sababu ndubi zake huizuia isilale sana, na mifuko hubaki ikitazama upeo. Chombo kisipoweza kubeba cha 60, kibebe cha 40, lakini pembe na mkao visipungue.

Mashua ya faiba ya mita sita hadi nane yenye betri na sola: kasha kubwa au mabamba yaliyofungwa imara mbele ya mlingoti, kisha AIS ya daraja B, kisha, fedha ikiruhusu, kiakisi cha umeme cha bendi mbili. Anayesafiri mchana tu kando ya miamba, bila kukata njia ya meli, aishie kwenye hatua ya kwanza na abakize fedha kwa redio. Mashua ndefu zaidi inayokwenda Komoro au Shelisheli, ambako usiku mwingi hupita nje ya macho ya nchi kavu na mashua hulala upande mmoja kwa siku nzima, ina sababu ya kulipia lenzi au kifaa cha umeme cha bendi mbili, kwa kuwa huko ulalaji si jambo la kupita.

Kiakisi kikishafungwa, kipimwe. Siku ya bahari tulivu, mwombe nahodha wa chombo chenye rada, kwa makubaliano na kwa njia ya redio isiyo ya 16, ambayo ni ya wito na dharura, akutazame ukiwa maili moja, kisha mbili, kisha tatu, huku ukizunguka polepole duara zima, halafu rudia tanga likiwa limejaa na mashua imelala upande. Kila mwelekeo ambao mwangwi unapotea uandikwe. Mara nyingi mwanya huo huhama au hupungua kwa kukizungusha kiakisi digrii 30 au kwa kukaza upya kamba moja iliyolegea, na duara la pili litaonyesha kama umefaulu.